Jinsi Dawa za Mimea Zinavyopimwa Dhidi ya Malaria

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtu akishikwa na homa huchemshiwa majani au mizizi kabla hajapelekwa zahanati. Pengine atapewa mwarobaini, mti ambao jina lake lasemwa kuwa latokana na maradhi arobaini unayoyatibu, pengine mjafari, pengine mmea unaojulikana kwa jina katika vijiji vichache tu. Wazee husimulia kwamba wengi wamepona kwa dawa hizo, na hatuna sababu ya kuwaita waongo. Hata hivyo mwanasayansi hana budi kuuliza swali moja zaidi: Je, mgonjwa alipona kwa sababu ya dawa, au alipona baada ya kunywa dawa?

Swali hili si la kubishania tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria na watu 597,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliofariki walikuwa watoto wa Afrika wenye umri usiofikia miaka mitano. Malaria inayoletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum yaweza kuwa kali katika muda wa saa 24. Mtoto anayenyweshwa dawa isiyofaa katika saa hizo amepoteza wakati ambao haurudi.

Kwa upande mwingine, kuzidharau dawa za miti ni kosa vilevile. Kwinini ilitolewa katika gome la mkwinini, mti wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambao baadaye ulipandwa hata Amani katika milima ya Usambara. Artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazopewa hospitalini leo, ilitolewa katika majani ya mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Na dawa mpya zinahitajiwa, kwa maana usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini, ingawa si kamili, umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea, na hapa kwetu katika Mkoa wa Kagera.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza hatua zinazofuatwa katika kuupima mmea unaosemwa kuwa unatibu malaria. Kila hatua inajibu swali moja tu, na jibu la hatua moja haliwezi kutumiwa badala ya jibu la hatua nyingine.

1. KWA NINI KUPONA PEKE YAKE SI USHAHIDI

Kimelea cha malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, hula himoglobini iliyomo, kisha hugawanyika. Baada ya saa 48 hivi chembe hiyo hupasuka na vimelea vipya hutoka kwenda kuzivamia chembe nyingine. Chembe nyingi zinapopasuka, uchafu unaomwagika katika damu huamsha homa. Kisha homa hushuka yenyewe mpaka kundi jingine la vimelea likomae. Basi mgonjwa aliyekunywa kikombe cha dawa jioni, akaamka bila homa asubuhi, huenda asiwe ameponywa na kile kikombe. Huenda amefikia tu kipindi cha utulivu katika mzunguko wa vimelea.

Kuna sababu nyingine mbili. Kwanza, mtu mzima aliyeishi tangu utoto katika eneo lenye malaria nyingi huwa na kiasi fulani cha kinga. Mwili wake waweza kuvipunguza vimelea bila msaada wa dawa. Mtoto mdogo hana kinga hiyo, kwa hiyo dawa iliyoonekana kumfaa babu yaweza isimfae mjukuu. Pili, si kila homa ni malaria. Mafua, homa ya matumbo na maradhi mengine mengi huanza kwa dalili zinazofanana. Kama damu haikupimwa, hatujui hata kama ugonjwa uliopona ulikuwa malaria.

Zaidi ya hayo, mmea waweza kushusha homa pasipo kuua kimelea hata kimoja. Mgonjwa atajisikia nafuu huku vimelea vikiendelea kuongezeka. Ndiyo sababu mtafiti hapimi joto la mwili peke yake, bali huhesabu vimelea kwa darubini.

2. KUUTAMBUA MMEA NA KUTOA DONDOO

Kazi huanza shambani au msituni pamoja na mganga. Jina la kienyeji halitoshi, kwani mmea mmoja huwa na majina mengi, na jina moja huitwa mimea tofauti. Mtafiti hukata tawi lenye majani, maua au matunda, hulikausha na kulihifadhi ili wataalamu wa mimea wathibitishe jina lake la kisayansi. Huandika pia sehemu iliyotumiwa, majira ya kuvunwa, na namna mganga anavyoitengeneza dawa yake.

Baadaye sehemu hiyo hukaushwa kivulini, husagwa, na kulowekwa katika kiyeyusho kama vile maji, alkoholi au etha. Vitu vinavyoyeyuka humo ndivyo tunavyoviita dondoo. Uchaguzi wa kiyeyusho na wa joto ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, na historia ya artemisinini yatufundisha hivyo.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya za malaria. Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou, mtaalamu wa dawa huko Beijing, alipewa kuongoza kikundi kimoja. Kikundi chake kilikusanya maelezo ya dawa za jadi zaidi ya 2,000, kikachagua 640 zilizoelekea kufaa, na kupima dondoo zaidi ya 380 kutoka katika mimea 200 hivi. Dondoo ya mmea uitwao qinghao, yaani Artemisia annua, ilizuia vimelea katika panya kwa asilimia 68. Lakini jaribio liliporudiwa, matokeo yalishuka yakawa kati ya asilimia 12 na 40.

Mtu asiye na subira angaliutupa mmea huo. Bibi Tu alirudi katika vitabu vya kale, akakuta maelekezo ya mganga Ge Hong wa karne ya 4. Ge Hong hakuagiza majani yachemshwe. Aliagiza yalowekwe katika maji, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Kutokana na hayo Bibi Tu aliwaza kwamba pengine joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka katika nyuzi 35 hivi za Selsiasi, kisha akaitenga sehemu yenye asidi, ambayo ilikuwa na sumu na haikuwa na faida. Tarehe 4 Oktoba 1971 dondoo iliyobaki, sampuli namba 191, iliwamaliza vimelea wote katika panya. Mwaka 1972 artemisinini yenyewe ilipatikana katika hali ya fuwele, na mwaka 2015 Bibi Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Mmea ulikuwa uleule, lakini namna ya kuutengeneza ilibadilika. Kwa hiyo mtafiti anayeandika kwamba mmea fulani haufai hana budi kutaja ni dondoo gani aliyoipima, na aliitoa kwa njia gani.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Chukua majani mabichi ya aina moja, yatwange, uyagawe katika bilauri tatu. Ya kwanza tia maji baridi, ya pili maji ya moto, ya tatu spiriti. Baada ya dakika 20 chuja kila moja. Spiriti itakuwa ya kijani kibichi kilichokolea, kwa kuwa klorofili huyeyuka ndani ya spiriti lakini haiyeyuki katika maji. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba kila kiyeyusho huchagua vitu vyake. Spiriti hushika moto upesi, basi jaribio lifanywe mbali na moto wowote, na kiowevu hicho kisionjwe.

3. KIMELEA KATIKA MAABARA

Swali la hatua hii ni: Je, dondoo inakizuia kimelea chenyewe? Kwa muda mrefu haikuwezekana kukifuga Plasmodium falciparum nje ya mwili. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, huko New York, walifaulu kukikuza mfululizo katika chembe nyekundu za damu ya binadamu, ndani ya kiowevu chenye lishe, kwa joto la nyuzi 38 na katika hewa yenye oksijeni kidogo. Hewa hiyo waliipata kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa mpaka ulipozimika.

Siku hizi mtafiti hugawa damu yenye vimelea katika vishimo vidogo vya kisahani cha plastiki, kisha hutia dondoo kwa vipimo vinavyopungua hatua kwa hatua. Hutafuta ukolezi unaozuia nusu ya ukuaji wa vimelea. Tuuite ukolezi wa nusu. Ukiwa mdogo, dawa ni kali. Watafiti wengi huihesabu dondoo ghafi kuwa na nguvu kubwa ikiwa ukolezi wake wa nusu haufikii mikrogramu 5 kwa mililita, na huihesabu kuwa haina nguvu ukipita mikrogramu 50.

Lakini jiki nayo huua vimelea, wala hatuinywi. Kwa hiyo dondoo hiyohiyo hupimwa pia juu ya chembe hai za binadamu au za mnyama. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Dondoo A ina ukolezi wa nusu wa mikrogramu 4 kwa vimelea, na wa mikrogramu 8 kwa chembe za binadamu. Dondoo B ina mikrogramu 10 kwa vimelea, na mikrogramu 200 kwa chembe za binadamu. Kwa A, 8 ÷ 4 = 2. Kwa B, 200 ÷ 10 = 20. Dondoo A ni kali zaidi dhidi ya kimelea, lakini yakaribia kuwa sumu kwa kila kilicho hai. Dondoo B ndiyo inayostahili kuendelezwa, kwa sababu inamchagua adui. Mara nyingi uwiano wa 10 au zaidi ndio unaotakiwa.

4. KIMELEA KATIKA MWILI ULIO HAI

Kisahani cha plastiki hakina tumbo, ini wala figo. Dawa inayomezwa yaweza kuharibiwa tumboni, au kuvunjwavunjwa na ini kabla ya kufika katika damu. Mwarobaini ni mfano mzuri. Ndani yake mna kampaundi iitwayo geduni, ambayo katika maabara iliwazuia vimelea kwa ukolezi mdogo. Lakini ilipopewa panya peke yake nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Sababu moja inayoelezwa ni kwamba mwili huivunja upesi.

Plasmodium falciparum hakiwaambukizi panya. Watafiti hutumia kimelea cha jamii yake, Plasmodium berghei, ambacho I. H. Vincke na M. Lips walikipata mwaka 1948 kutoka kwa panya wa mwituni huko Katanga, Kongo. Katika jaribio lijulikanalo kama jaribio la siku nne, panya wadogo weupe huambukizwa, kisha hugawanywa katika makundi yasiyopungua matatu. Kundi la kwanza hupewa dondoo. Kundi la pili hupewa maji au mafuta yaliyotumika kuchanganyia dondoo, bila dondoo yenyewe. Kundi la tatu hupewa dawa inayojulikana, kama klorokwini. Baada ya siku nne za dawa, tone la damu hutandazwa juu ya kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, na chembe zenye vimelea huhesabiwa.

Tuseme katika kundi lisilopewa dawa, chembe 30 katika kila 100 zimeshambuliwa, na katika kundi la dondoo ni chembe 12. Kiasi cha kuzuia ni:

(30 − 12) ÷ 30 × 100 = asilimia 60.

Kundi la pili latuonyesha yale ambayo yangalitokea bila dawa. Tukiliondoa, hatuwezi kusema kama 12 ni nyingi au ni chache. Kundi la tatu latuhakikishia kwamba jaribio lenyewe lilikwenda sawa; kama klorokwini nayo imeshindwa kuwazuia vimelea hao, basi kuna kasoro mahali fulani na jaribio lirudiwe.

Jambo jingine la kuangalia ni kipimo. Ikiwa panya walipewa miligramu 500 kwa kila kilo ya mwili, msomaji aweza kudhani kwamba mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 30 za dondoo kavu. Hesabu hiyo si sahihi. Mwili wa panya hufanya kazi kwa haraka kuliko wa binadamu, na kwa kawaida kipimo cha panya hugawanywa kwa 12 hivi. Tutapata miligramu 42 kwa kilo, yaani gramu 2.5 kwa mtu huyo. Na hata hicho ni kikadirio cha kuanzia utafiti. Si dozi ya kumpa mgonjwa.

5. USALAMA, KISHA WAGONJWA

Huko China mmea uitwao changshan ulitumika kutibu homa kwa karne nyingi. Ndani yake mna febrifugini, ambayo inawaua vimelea vya malaria kwa nguvu kubwa kweli. Pamoja na hayo haikuwa dawa ya hospitali, kwa sababu huleta kutapika kukali na hudhuru ini. Kwa hiyo kusema kwamba "wazee wameitumia siku zote" hakutoshi kuonyesha usalama. Madhara yanayotokea papo hapo huonekana. Madhara ya ini au figo yanayokuja polepole hayaonekani bila vipimo.

Dawa iliyovuka hatua hizi hujaribiwa kwa watu kwa ruhusa ya vyombo vya maadili ya utafiti, na kwa ridhaa ya kila mgonjwa. Hapa swali ni lile tuliloanza nalo, yaani kama wanaopewa dawa hupona zaidi, au hupona sawasawa, na wanaopewa tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, wala si kwa hiari ya mganga au ya daktari, ili wenye hali mbaya wasirundikane katika kundi moja. Hufuatiliwa kwa siku 28, kwa sababu vimelea vichache vilivyobaki vyaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kujitokeza tena.

Mfano wa jirani zetu wa Afrika ya Magharibi wafaa kukumbukwa. Nchini Mali watafiti hawakuanzia maabara. Walizunguka vijijini wakiuliza nani aliugua, alitumia nini, na ilikuwaje mwishoni. Katika mimea 66 iliyotajwa, mmoja ulihusiana zaidi na kupona, nao ni Argemone mexicana, magugu yenye miiba na maua ya manjano. Walipima kwanza kiasi kinachofaa cha maji yake yaliyochemshwa, kisha wakaulinganisha na dawa mseto katika wagonjwa 301. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Wagonjwa asilimia 89 wa kundi la mmea hawakuhitaji dawa ya pili, dhidi ya asilimia 95 wa kundi la dawa mseto. Hata hivyo katika utafiti wao wa awali vimelea mara nyingi vilipungua bila kwisha kabisa. Matokeo hayo ni mazuri, lakini hayaonyeshi kwamba mmea umeshinda dawa mseto. Na tumeweza kujua tofauti hiyo kwa sababu tu kulikuwa na kundi la kulinganishia.

6. TAHADHARI JUU YA CHAI YA ARTEMISIA

Watu wengine husema: kwa kuwa artemisinini hutoka katika Artemisia annua, basi tuupande mmea huo nyumbani na kunywa chai yake. Hoja hii ina makosa mawili. Kwanza, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi kilichomo majanini hubadilika kwa mbegu, udongo na majira. Mnywaji hajui amekunywa kiasi gani. Hii ndiyo faida waliyotuletea Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini mjini Paris mwaka 1820: tangu hapo dawa iliweza kupimwa kwa mizani badala ya kukisiwa kwa gome. Pili, dozi ndogo isiyotosha huwaua vimelea dhaifu na kuwaacha walio sugu waendelee kuzaana. Dawa mseto zimeunganishwa na dawa ya pili makusudi ili kuzuia jambo hilo. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba haliungi mkono matumizi ya majani au chai ya Artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria.

7. WAJIBU WA SHULE

Tangu mwaka 1974 kimekuwako Muhimbili kitengo cha kutafiti tiba ya asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa kuwa taasisi. Lakini maabara haiwezi kuupima mmea usioandikwa popote. Wazee wanaoijua miti wanapungua, na msitu unaofyekwa hauachi mbegu za kila kitu. Wanafunzi wa sekondari waweza kusaidia kwa kuandika, kwa idhini ya mwenye elimu hiyo, jina la mmea katika lugha yake, sehemu inayotumiwa, majira ya kuvuna, na kama huchemshwa, hulowekwa au husagwa. Jina la mzee aliyetoa maarifa liwekwe pamoja na maandishi ikiwa ameridhia, ili haki yake isipotee dawa ikipatikana. Tumeona katika habari ya Ge Hong kwamba neno moja juu ya namna ya kutengeneza dawa laweza kungoja miaka 1,600 kabla ya kumfaa mtu.

Wakati huohuo, mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku hiyohiyo, na akionekana na vimelea amalize dozi yote ya dawa mseto.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mganga mmoja asema amewatibu wagonjwa 100 wa homa na 90 wamepona. Taja mambo matatu ambayo ungetaka kuyajua kabla ya kusema kwamba dawa yake inatibu malaria.

2. Katika jaribio la siku nne, kundi lisilopewa dawa lilikuwa na vimelea katika chembe 25 kwa kila 100, na kundi la dondoo katika chembe 20. Tafuta asilimia ya kuzuia. Je, ungeiendeleza dondoo hiyo, au ungebadilisha kwanza namna ya kuitoa? Toa sababu.

3. Dondoo C huzuia nusu ya vimelea kwa mikrogramu 3 kwa mililita, na nusu ya chembe za binadamu kwa mikrogramu 6. Dondoo D huhitaji mikrogramu 12 na 180. Ipi ungeichagua, na kwa nini?

4. Eleza kwa nini jaribio lililofanywa bila kundi la kulinganishia haliwezi kutofautisha kupona kwa sababu ya dawa na kupona baada ya dawa.